Sindano Arobaini kwa Dada

4 Machi

Mdogo wangu,

Umeamkaje huko ukweni ulikotangulia hata kabla ya harusi? Mimi mzima. Mgongo unauma, lakini mgongo wa mtu aliyekaa mbele ya cherehani miaka thelathini na moja ukiacha kuuma ndipo aitwe daktari.

Kadi yenu ya mwaliko imefika. Maandishi ya dhahabu juu ya karatasi ya rangi ya maziwa, sijui nani aliwadanganya kwamba huo ni urembo. Nimeigeuza huku na huku mpaka nikamwita mke wa muuza viatu anisomee, naye akaisoma kwa madaha kana kwamba anaolewa yeye. Kadi isiyosomeka italeta wageni siku nyingine kwenye ukumbi mwingine, na pengine itakuwa heri kwa wote.

Nasikia keki ni ya ghorofa tano. Watu wawili mnaokwenda kuishi kwenye nyumba ya vyumba viwili mnahitaji keki ndefu kuliko nyumba. Nasikia pia kuna mtu analipwa kupanga viti. Mama yetu aliolewa watu wamekaa walipopata, na ndoa ikadumu mpaka kifo.

Huyo mpima ardhi wako mimi namwita Bwana Futi, na jina hilo atazikwa nalo. Siku ya kwanza aliingia dukani kwetu kushonewa mfuko wa suruali. Badala ya kusubiri kama watu wengine, akainama, akafumba jicho moja, akaniambia meza yangu ya kukatia imelalia upande wa mlango. Nimekatia nguo za mji mzima juu ya meza ile, na sijaona suruali iliyoteleza ikatoka nje. Wewe ukacheka. Nilijua hapo hapo kwamba nimekupoteza, na kwamba nimekupoteza kwa jambo la kipuuzi.

Kuhusu gauni, acha kunisumbua. Tangu una miaka kumi na minne umesimama juu ya kile kigoda nikijaribisha mwilini mwako magauni ya mabibi harusi wa kila umbo. Mwili wako naujua kuliko unavyoujua. Wewe si mteja hata nikupime.

Cherehani yako nimeifunika shuka. Sitaajiri mtu. Duka hili mama aliliacha kwa watoto wake wawili, si kwa wapita njia, na usiporudi kuketi kwenye kiti chako basi siku moja nitavuta mlango nifunge. Nakupa mwaka. Ukichoka kumshikia mumeo ncha ya kamba porini, utaikuta mashine yako ina mafuta.

Nitumie sindano. Unajua sina subira ya kutia uzi, na hiyo ilikuwa kazi yako kila asubuhi. Kuolewa si ruhusa ya kuacha kazi. Arobaini, uzi mweupe, uzichomeke kwenye kipande cha flana na kukiviringisha.

Ni mimi,
Dada

13 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na mgongo. Ungelala chali kidogo mchana, ingawa najua ushauri huu utautumia kunichekea na mke wa muuza viatu. Sisi huku hatujambo. Nimekupigia simu mara tisa, hupokei, kwa hiyo tumerudi kwenye barua kama wazee.

Sindano arobaini hizo hapo kwenye flana. Nimezitia uzi jioni nzima huku mama mkwe akiniangalia kama mtu anayefanya uganga. Aliniuliza kama dada yangu hana mikono. Nikamwambia mikono anayo, na ulimi pia anao.

Dada, sasa nisikilize kwa dakika moja bila kunikata. Nilikuomba unipime kabla sijaondoka, ukaniambia shuka kwenye kigoda, una kazi. Nimenenepa. Mama mkwe anapika kama anayelisha kikosi, na ukiacha chakula kwenye sahani anauliza umekosewa nini. Vipimo vyangu nimeviandika kwenye karatasi ya pembeni: bega, kifua, kiuno, mkono, yote. Amenipima yeye mwenyewe mpima ardhi, kwa hiyo usishangae kuona desimali. Alinizunguka na futi kamba kama kiwanja chenye mgogoro. Nilipomwambia asimame, amemaliza, akasema, "Bado. Kipimo kimoja ni uvumi, viwili ndiyo habari."

Najua utamdharau kwa maneno hayo. Mimi mwenyewe nilimcheka. Lakini namba ni sahihi, na nakuomba uzitumie. Hilo la cherehani yangu tutaliongea uso kwa uso, si kwenye karatasi. Nitakuja mara kwa mara, sijafa, naolewa tu.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko kwenye vyakula? Mimi naendelea, baridi ya asubuhi tu.

"Kipimo kimoja ni uvumi." Nimekaa na sentensi hiyo siku tatu nikitafuta pa kuitupa. Mtu anayeshinda juani akichomeka vigingi kwenye mashamba ya watu amekuwa mwanafalsafa. Sina haja ya kukueleza kasoro zake moja moja. Mwenye macho haambiwi tazama.

Karatasi yako nimeiona. Namba ndogo kama mayai ya sisimizi. Nimeiweka chini ya pasi, inafaa pale. Mama hakuandika kipimo cha mtu wa nyumbani hata siku moja. Alikuwa anakuangalia ukipita mlangoni, na Ijumaa gauni lako limekamilika. Mimi ni mtoto wake, sihitaji desimali.

Gauni liko tayari. Nimelishona kwa mkono kuanzia kwapa hadi kiuno, pande zote mbili, kwa sindano zako. Wateja nimewarudisha wiki nzima kwa ajili yake. Mke wa daktari alikuja na sketi yake ya buluu akilalamika eti nimeipinda kwa uzi mweusi. Nikamwambia anayeinama kuangalia pindo la mwenzake hana adabu. Ameondoka na sketi yake na sidhani kama atarudi, na sitamkosa.

Nitafika Ijumaa jioni. Usimtume Bwana Futi kunipokea. Ataniambia nimechelewa kwa sekunde ngapi.

Dada

16 Aprili
Kwenye fungate

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili. Sitakuuliza habari za mgongo leo.

Nilipoinua mkono kumpokea msajili kalamu, gauni lilipasuka kutoka kwapani hadi kiunoni. Ulikuwepo, uliisikia sauti, wote waliisikia. Kisha watu mia na hamsini wakanyamaza, na mpiga picha ndiye peke yake aliyeendelea na kazi. Mume wangu akaingiza mkono kwenye koti, akatoa vibanio vinne vya ramani. Usiniulize nani huenda kuoa na vibanio vya ramani mfukoni. Akanibana ubavu mzima kama karatasi, akaniambia, "Tia sahihi, imeshika." Nimecheza muziki wa harusi yangu na chuma ubavuni.

Nilikutafuta. Kiti chako kilikuwa kitupu kabla hata chakula hakijapakuliwa. Hukuniaga.

Vipimo ulikuwa navyo. Nilikuandikia, nikakuomba. Ukaviweka chini ya pasi. Nimefikiri sana, na kila nikifikiri nafika pale pale: ulitaka nirudi kwako na aibu. Umenidharau tangu nilipocheka siku ile dukani, na dharau yako umeishona mwilini mwangu nikaivaa mbele ya watu.

Fungate, kwa kuwa najua utataka kucheka: tuko kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, chumba namba saba, kitanda kinapiga kelele na paa linavuja juu ya kiti pekee. Siku ya kwanza alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi majini, mia mbili na kumi na nne. Siku ya pili akahesabu tena, zikawa mia mbili na kumi na sita, akakaa kimya chakula chote cha mchana. Nilimwambia pengine ziwa limerudi nyuma kwa kumwogopa. Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Nina furaha, Dada. Nilitaka ujue hilo wakati huo huo ukijua kwamba sindano sitakutumia.

Mdogo wako

5 Mei

Mdogo wangu,

Umzima? Nami nipo.

Kitambaa kilikuwa hafifu. Nilisema tangu mwanzo kwamba kile ni kitambaa cha pazia, ukanijibu ndiyo fasheni. Na mtu aliyekula wiki tano mfululizo bila kutafuna asimlaumu fundi. Gauni lilikuwa sahihi. Wewe ndiye uliyebadilika.

Niliondoka mapema kwa sababu ya usafiri.

Mume anayehesabu hatua za kwenda kuoga ni mume wa kusikitikiwa. Mume anayenyamaza kwa ajili ya hatua mbili ni mgonjwa. Ukimaliza kucheka utabaki naye mezani miaka arobaini, akikuambia chumvi imezidi punje ngapi. Halafu utakumbuka nilivyokuambia.

Huku mambo si mabaya. Mkuu wa shule amerudisha suruali, eti mguu mmoja mrefu. Nimempima kwa macho nikaona ni yeye aliyepinda. Kazi imepungua kidogo, ni msimu.

Sindano zile zimekwisha tangu wiki mbili. Si kwamba naomba. Nakuarifu tu, kama mtu anavyoarifu kwamba mvua imenyesha.

Dada

8 Agosti

Dada,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Sisi wazima. Najua ni miezi mitatu. Niliapa nisiandike mpaka uombe radhi, kisha nikakumbuka wewe ni nani, nikaona nitazeeka nikisubiri.

Sindano arobaini zimo kwenye flana, nyeupe ishirini, nyeusi kumi, buluu kumi. Kila rangi nimeiwekea flana yake na fundo lake: nyeupe fundo moja, nyeusi mawili, buluu matatu. Usiniulize kwa nini.

Nikupe habari za nyumbani. Tumeingiwa na wazimu wa maarifa mapya. Mwezi wa tano tulinunua baiskeli ya watu wawili. Mimi mbele, yeye nyuma, akinitajia mwinuko wa barabara kwa asilimia. Siku ya nne nilishuka katikati ya kilima nikamwambia amalizie na asilimia zake. Baiskeli iko nyuma ya nyumba, kuku wa jirani wanalala juu yake. Mwezi wa sita ukaja mkate. Alipima unga kwa mizani ya dawa aliyoazima zahanati, na mkate ukatoka mgumu hata mbwa akauzunguka mara mbili akaenda zake. Alikula kipande chake chote. Niliona machozi.

Mwezi huu ana shughuli nyingine, anafanyia jikoni kila jioni na hataki niseme. Safari hii simcheki, kwa hiyo ujue si kawaida.

Barua yako ya mwisho nimeisoma kwa shida. Mistari inapandana, mwingine umeandika juu ya mwenzake. Ulikuwa unaandikia wapi, juu ya goti?

Mdogo wako

21 Agosti

Mdogo wangu,

Hamjambo wenye baiskeli? Mimi sijambo.

Nimecheka peke yangu dukani mpaka mke wa muuza viatu akaja kuangalia. Mizani ya dawa. Mbwa nimempenda, ndiye mwenye akili katika nyumba hiyo. Watu wazima wawili wamepeana ahadi mbele ya msajili, na sasa hawajui wafanye nini na jioni zao, basi wanacheza kama watoto waliofungiwa na mvua. Sisi jioni zetu tulikuwa na pindo la kumaliza. Na hiyo siri ya jikoni usinieleze. Najua ni sabuni, wote huishia kwenye sabuni.

Ila nitasema moja kwa haki. Sindano ni nzuri. Nilidhani ndoa itakuharibu vidole, kumbe imekunyoosha. Zamani ulikuwa unaniachia uzi mrefu huu, mfupi ule, na fundo kama jipu. Hizi nyuzi zote urefu mmoja, fundo dogo, na uzi umepitishwa nta hata haujisokoti. Nimeshona nazo kola nne bila kukatika. Na hayo mafundo ya flana ni akili, sikutegemea. Umekuwa fundi baada ya kuacha ufundi, hayo ndiyo maajabu yako. Rudi basi. Mtu mwenye mkono huu asimalizie maisha kwenye jiko la mpima viwanja.

Nilikuwa naandikia mezani. Meza imelala, kama anavyosema yule.

Dada

14 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Kama mke wa muuza viatu ndiye anayekusomea barua hii, mwombe atoke, kisha ukae nayo dirishani kwenye mwanga mpaka uimalize mwenyewe, hata ikichukua siku mbili. Nimeiandika kwa herufi kubwa makusudi.

Sindano zile hazikutiwa uzi na mimi. Ni yeye. Hiyo ndiyo shughuli yake ya jikoni. Nilikuwa nimeapa sikutumii, na barua yako ya mwezi wa tano ilikaa kwenye droo. Akaisoma pale unaposema kwamba huombi, akauliza sindano ni nini kati yetu. Nikamweleza. Kesho yake akarudi kutoka kazini na pakiti ya sindano, nta na rula. Kila uzi sentimita hamsini na tano. Alijichoma vidole vyote mpaka akajua. Mafundo ya flana aliyabuni yeye, na juzi nilipomuuliza ya nini, akasema, "Ili ajue rangi kwa kugusa."

Sikumwelewa. Nikamwambia dada yangu anazijua rangi, ni fundi wa miaka thelathini na moja. Hapo akaenda kabatini akaleta gauni langu, lile ambalo sikuwa nimeligusa tangu harusi. Akanionyesha mshono wa ubavuni. Kutoka juu umenyooka kama wako wote. Katikati unaanza kutembea. Mahali pengine sindano imekosa bitana kabisa, imeshona hewa, na ukarudi ukajaribu tena, na tena. Kuna matundu mengi pale, Dada, niliyahesabu mpaka nikashindwa. Kisha akapanga barua zako mezani tangu ya Machi, akaweka rula chini ya mistari. Akasema, "Huyu hakukudharau. Huyu haoni."

Miezi mitano nimekuchukia kwa sababu ya mshono ule.

Naanza kukumbuka. Kadi uliyosomewa. Uzi mweusi kwenye sketi ya buluu. Simu usiyoipokea. Sindano nilizokutilia uzi kila asubuhi kwa miaka mitatu, ukisema ni subira huna. Nilikuwa nimekaa mita moja kutoka kwako, na mimi ndiye mwenye macho.

Niambie. Ni macho yote mawili? Tangu lini? Umemwona daktari yeyote?

Mdogo wako

2 Oktoba

Wewe,

Mimi mzima.

Msinitumie sindano tena. Mwambie apime viwanja aache kupima watu. Nguo ya mke wake ni ya mke wake, lakini mshono wangu ni wangu, na hakuna aliyempa ruhusa kuuchungulia. Amezoea kuingia kwenye mashamba ya watu bila hodi.

Duka nimelifunga kwa wiki hii. Nina sababu zangu.

Dada

9 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa na mistari sita na ilijaza kurasa mbili.

Hukujibu nililouliza, kwa hiyo umejibu. Mke wa muuza viatu nimempigia simu. Kaniambia duka limefungwa wiki ya tatu sasa, si ya kwanza, na kwamba unatembea hadi kisimani ukigusa kuta. Kwa nini hukuniambia? Ungesema neno moja tu nisingeolewa mwezi ule, ningesubiri. Labda ndiyo sababu hukusema. Nakujua.

Nimeomba ruhusa, nakuja Jumamosi kukupeleka hospitali. Ukifunga mlango nitakaa kizingitini niimbe.

Mdogo wako

11 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu. Barua hii naiandika kwa kufuata ukingo wa ubao, ikienda upande unisamehe.

Usije. Nakuomba, na unajua neno hilo silitumii. Ukiniona ninavyopapasa kutafuta kikombe utalia, nami nitalia, na mimi siwezi kulia mbele ya mtoto niliyemfundisha kushika mkasi. Ulilalamika kwamba ulinitafuta harusini ukakuta kiti kitupu. Nilisikia gauni likipasuka. Sikuliona. Watu walinyamaza na mimi sikujua limepasuka wapi, kiasi gani, kama unaonekana, kama unalia. Nikatoka nikishika migongo ya viti. Nje nikamwuliza mtu mlango wa barabarani uko wapi, na nilikuwa nimesimama ndani yake.

Ni yote mawili. Miaka mitatu na nusu. La kushoto ndilo baya.

Sikutaka ukae kwa ajili ya macho yangu. Nilitaka ukae kwa kuona huyo mume ni wa bure. Basi nikamtukana kadiri nilivyoweza, na sikuongopa, bado naona ni wa bure.

Kama lazima mtu aje kunishika mkono, aje yeye. Mbele yake sina cha kupoteza. Simheshimu, kwa hiyo siwezi kumwonea haya. Akinionea huruma nitamtukana, na nadhani yule hata akitukanwa anaandika tu kwenye daftari.

Dada

12 Novemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Natumaini kuku wa jirani wanaiendeleza baiskeli.

Mwandiko huu unaujua. Ni wa Bwana Futi. Daktari amenikataza kuinamia karatasi mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo nasema na yeye anaandika. Nimemwonya kwamba akibadilisha neno nitajua. Anaandika kila kitu, hata hiki, hata nikisema ana masikio ya sufuria. Ameandika. Unaona mtu uliyeolewa naye.

Alifika Jumapili moja mwezi uliopita na begi dogo na daftari. Nilimfungulia mlango nikamwambia sijamwita, akasema, "Najua, dada, nimeletwa na barua." Kisha nikasikia anavuta kitu sakafuni. Kumbe anaweka kipande cha mbao chini ya mguu wa meza yangu ya kukatia. Miaka thelathini na moja meza imekaa ilivyokaa. Sasa mkasi haunitoroki upande wa mlango tena, na sina raha nayo kabisa.

Hospitali tulikaa siku sita. Hakunishika kiwiko kama wanavyoshikwa vipofu. Alitembea hatua moja mbele akihesabu kwa sauti: ngazi tisa, mlango, kushoto, hatua kumi na nne. Wauguzi walidhani ni mwendawazimu na mimi sikuwasahihisha. Lakini nilifika kila mahali kwa miguu yangu bila kupapasa ukuta. Usimpe sifa kwa hilo, ni ugonjwa wake tu umepata kazi.

Daktari anasema ni mtoto wa jicho, wa miaka, na kwamba watu wenye akili huja mapema. La kulia wamelifanyia upasuaji, na wiki iliyopita wakafungua bandeji. La kushoto limeharibika pia nyuma, huko hakuna wa kufika, limechelewa. Nimeuliza kama jicho moja linatosha kwa fundi. Akasema linatosha kama fundi atakubali kuvaa miwani na kutiliwa uzi. Nikamwambia hilo la uzi lina historia ndefu.

Cha kwanza nilichokiona ni uso wa mumeo. Nilidhani ni mzuri kidogo, kwa jinsi ulivyomkimbilia. Si mzuri. Pua imezidi desimali kadhaa. Na vidole vyake vimejaa alama za sindano, vya mkono wa kushoto hasa, nyingine zimepona na nyingine mpya. Niliviangalia muda mrefu na yeye akadhani najaribisha jicho. Hapa amesimamisha kalamu. Nimemwambia aendelee.

Amejaribu kupinda suruali ya mkuu wa shule. Sijaona pindo baya kama hilo tangu nizaliwe, hata nilipokuwa sioni. Nimemfumulisha mara tatu. Ya nne nimemwachia, kwa sababu mkuu wa shule naye anastahili. Anasema akirudi huko atakuja mwisho wa kila mwezi kunitilia uzi wa mwezi mzima. Nimemkubalia kwa kuwa ni kazi asiyoweza kuiharibu.

Cherehani yako nimeifunua jana. Ilikuwa na vumbi. Sitakuambia urudi, una nyumba na mbwa na jiko lenye mizani. Nitamchukua binti wa muuza viatu, ana mikono mikubwa lakini haongei. Duka halitafungwa. Hilo ndilo nililotaka ulijue kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine.

Bado simpendi, na nimemtaka alipigie mstari neno hilo. Amelipigia kwa rula.

Njoo mwisho wa mwezi, sasa unaweza kuja. Ulete lile gauni na vibanio vyote vinne, nitaanza na mshono wa ubavuni. Kigoda nimekitoa nyuma ya mlango, nimekipangusa, nimekiweka dirishani kwenye mwanga. Futi kamba mpya ninayo, namba zake kubwa, nazisoma bila msaada. Njoo usimame, nikupime.

Dada